Fundo la Tatu

Nililitambua kopo kabla sijalifungua, kwa harufu tu. Tulikuwa tumemaliza arobaini ya mama, wageni wameondoka, majamvi yamekunjwa, na mimi na mdogo wangu Salima tumeingia chumbani kwa mama kupanga vitu vyake. Chini kabisa ya sanduku, chini ya kanga ambazo hakuwahi kuzivaa hata siku moja, lilikuwapo kopo la bati la sigara, la duara, lililokuwa la marehemu baba. Kifuniko kilikuwa kimeshika kutu. Nilipolisogeza usoni nilione vizuri, maana macho yangu siku hizi si macho tena, ikanijia harufu ya mafuta ya nyonyo, yale mazito yanayong'ang'ania nguo mpaka nguo yenyewe inachakaa. Wee! Nilijikuta nimekaa kitandani bila kupenda. Salima akaniuliza, “Dada, umepatwa na nini?” Nikamwambia aniache kidogo.

Sikulifungua papo hapo. Nililiweka mapajani, na Handeni ya leo, na bodaboda zake zinazopiga kelele chini ya dirisha, ikaniondoka kabisa. Nilirudi kuwa mtoto mdogo, kibogoyo wa meno ya mbele, nimekaa kwenye baraza ya hospitali huko Korogwe enzi za Mwingereza, na hofu niliyokuwa nayo siku ile sijapata kuiona tena, ingawa nimezika watu wengi tangu wakati huo. Nyie wa rika langu mtanielewa. Sisi tulilelewa bila kuelezwa kitu. Ukiuliza, unaambiwa nenda kachote maji, na ukirudi na maji yako umekwisha kujijibu mwenyewe, na jibu lenyewe linatisha kuliko ukweli.

Baba alikuwa mtu wa korona. Ndivyo tulivyokiita kile kiwanda cha kukamua mkonge, huko upande wa Mnyuzi, ambako majani yanaingia mabichi na kutoka nyuzi nyeupe, na takataka zake zinanuka mpaka barabarani. Alilala kambini na wenzake waliotoka kila pembe ya nchi, na nyumbani alikuja kwa nadra, nguo na nywele zinanuka mkonge, mikono imebabuka kwa utomvu. Sisi tulibaki kijijini, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Handeni mjini: mama, mimi, na Bibi, mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye amri. Baada ya kunizaa mimi mama alishika mimba mara mbili, na zote mbili zilitoka kabla ya wakati wake. Sikuambiwa. Nilichojua ni kwamba wanawake waliingia chumbani na beseni wakafunga mlango, na mimi nikapelekwa kwa jirani nikashindiliwa bada, ule ugali wa muhogo, hadi nikavimbiwa.

Kwa hiyo mimba nyingine ilipoanza kuonekana, Bibi hakungoja. Alichana upande wa kaniki yake mwenyewe, akausokota ukawa ukanda, akauloweka kwenye mafuta ya nyonyo, kisha jioni akamsimamisha mama katikati ya nyumba na kuniita. Kwetu, kufunga mimba si kazi ya mtu mmoja. Mmoja hufunga, na mwingine hushika ncha ya ukanda, naye sharti awe ametoka katika tumbo lile lile. Nikashika. Mafuta yalinichuruzika hadi kiwikoni. Bibi akauzungusha ukanda kiunoni, chini ya tumbo la mama, akafunga fundo la kwanza huku akinong'ona maneno ya Kizigua niliyoyasikia nusu, akafunga la pili, kisha la tatu, na hilo la tatu akalikaza kwa nguvu zake zote mpaka mama akaguna.

“Bibi, kwa nini tunamfunga mama?” nikauliza.

“Hatumfungi mama. Tunamfungia mtoto mlango, asitoke kabla ya siku yake.”

“Na siku yake ikifika?”

“Nitafungua mimi niliyefunga. Nisipokuwapo, utafungua wewe uliyeshika. Mkono mwingine haugusi. Na ukanda haukatwi, umenisikia? Ukikatwa, basi tena.”

“Basi tena nini, Bibi?”

“Basi tena! Nenda kalale.”

Baba alipokuja mara moja likizo akauona ukanda, alicheka mpaka akashika ukuta. “Mama, umemfunga mke wangu kama robota la katani!” Bibi alimwangalia. Akasema kwamba yeye aendelee na katani zake za Wazungu, mambo ya tumbo awaachie wenyewe. Baba alicheka tena, akarudi kazini. Mama hakucheka. Nilimwona usiku akipitisha vidole kwenye mafundo yale, moja moja, kuhakikisha yapo. Na mimi kuanzia siku ile nilitembea nikijua kwamba nimepewa kazi kubwa kuliko kuchota maji, na sikumwambia mtu.

Mimba ikakua salama. Ikapita pale zilipokomea zile nyingine, ikaendelea, mama akaanza kutembea kwa kujishika kiuno. Halafu miguu yake ikaanza kuvimba. Bibi akasema ni kawaida, mtoto mkubwa huyo. Uso nao ukavimba, nami nikaona mama ananenepa, nikafurahi. Mungu anisamehe, nilimsifu. Nilimwambia, “Mama, siku hizi umekuwa mzuri.” Akanipapasa kichwa, akasema kichwa chake yeye kinamgonga.

Siku ya gulio Handeni, chumvi ilikuwa imekwisha nyumbani, na Bibi goti lake lilikuwa limemkamata. Mama akasema atakwenda polepole, na mimi nimsindikize. Tulitoka na umande. Njia nzima alikuwa akisimama, akishika paji la uso, na mimi nikichuma vitunda vya porini na kuvila bila wasiwasi wowote. Tulipofika mjini jua lilikuwa limepanda, vumbi jekundu limejaa hewani, ng'ombe wa Wamasai wanapita katikati ya watu. Mama alifika mpaka kwenye baraza ya duka la Baba Gulam, Mhindi aliyekuwa akituuzia chumvi na mafuta ya taa, akakaa chini kama mtu aliyeangushwa.

“Mwanangu,” akasema, “naona vimulimuli.”

Mchana ule, na jua lile! Niligeuka huku na huku kuvitafuta vimulimuli vyenyewe. Nilidhani mama anaona kitu kizuri ambacho mimi sikioni, nikamwomba anionyeshe.

Mke wa Baba Gulam, tuliyemwita Mama Gulam, alikuwa mlangoni akichambua dengu. Aliweka ungo chini. Akaja akapiga magoti mbele ya mama, akamtazama usoni, akashika mguu wake na kuubonyeza kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka kiliacha shimo. Nilingoja shimo lijae, halikujaa. Hapo ndipo hofu ilipoanza kuniingia, kwa sababu nilijua mwili wa mtu hauachi mashimo kama udongo.

“Mama, huu mwezi wa ngapi?”

“Wa mwisho unaingia,” mama akajibu, ulimi mzito.

“Baba Gulam!” yule mama akapiga kelele kuelekea ndani. “Acha kupima mchele, njoo! Mtu anakufa barazani kwangu!”

Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, aliitwa, akaja mbio, akamtazama mama macho na miguu, akasema neno moja tu: Korogwe. Baba Gulam akasema lori lake litakwenda Korogwe kesho. Mkewe akamwambia litakwenda leo. Mume akasema halijapakiwa. Mke akamwambia vizuri, basi pana nafasi ya mgonjwa. Mzee wa watu akaenda kutafuta ufunguo.

Nyie hamjui neno lile Korogwe lilinifanya nini. Shangazi yangu mmoja alipelekwa hospitali Korogwe akiwa na tumbo, na kilichorudi kijijini kwanza, kabla ya habari yenyewe, kilikuwa kanga zake, zimekunjwa vizuri, mikononi mwa mumewe. Wanawake walipoziona kanga zile wakaanza kulia pale pale, na hakuna aliyekuwa ametamka neno. Mimi nikajifunza hivyo, kwamba hospitali inabaki na mtu na kurudisha kanga. Nikamshika mama mkono nikamwambia twende nyumbani, Bibi atafungua. Nikawaambia wote pale, “Mwiteni Bibi! Bibi ndiye anayefungua!” Hakuna aliyenisikiliza. Walitaka kuniacha dukani, lakini mama alikuwa amenishika kifundo cha mkono, na kila walipojaribu kunitoa alikaza zaidi. Basi nikapandishwa naye.

Mama alilazwa nyuma ya lori juu ya magunia matupu. Mama Gulam alipanda pia, na mtandio wake mzuri na bangili zake, akakaa kwenye vumbi akamlaza kichwa mapajani. Lori lilikwenda likiruka kila shimo. Sikumbuki tumepita wapi, nakumbuka miiba inayokwaruza ubao, na midomo ya Mama Gulam isiyoacha kusoma dua. Njiani, mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala mtu, mama aliniachia mkono. Mwili wake ukakakamaa. Macho yakageuka yakabaki meupe, taya likabana, kisha akaanza kutikisika, mwili mzima, kwa nguvu ambazo sikujua kwamba mama yangu anazo. Povu likamtoka. Mama Gulam akasokota pembe ya mtandio akaupenyeza kati ya meno yake, huku akimwita Mungu kwa lugha zote alizozijua.

Mimi nikaelewa mara moja. Mtoto alikuwa anagonga mlango. Siku yake imefika, anataka kutoka, anapiga kwa mikono na miguu, na mlango umefungwa kwa mafundo matatu, na aliyefunga yuko mbali na goti lake bovu. Aliyeshika ni mimi. Nikatambaa hadi kiunoni kwa mama nikaanza kupekua kanga nitafute ukanda, na Mama Gulam akanipiga kofi la mkono.

“Toka hapo! Mwache mama yako apumue!”

“Anataka kutoka! Lazima nifungue!”

“Kaa chini, mtoto, utaanguka! Yallah, kaa!”

Nikakaa. Kutikisika kukakoma, na hicho kilikuwa kibaya zaidi, kwa kuwa sasa mama alikoroma tu na hakuniitika nilipomwita. Nikawa nasema kimoyomoyo, vumilia huko ndani, vumilia, nitakufungulia. Nilikuwa nikimwambia mtoto.

Kisha milima ikatokea mbele yetu, ya buluu, na mimi sikuwahi kuona mlima mkubwa namna ile. Tukavuka mto. Ikaja harufu ya mkonge uliooza, harufu ya baba, ikajaa lori lote, nami nikaanza kulia kwa sauti kwa sababu pua yangu iliniambia baba yupo na macho yangu hayakumwona.

Hospitalini walikuja na machela wakamchukua mama mbio, na mimi nikapenya miguuni mwao bila kuonekana. Chumba kilikuwa cheupe, kinanuka dawa ya kusafishia sakafu, harufu inayochoma pua hadi machozi. Nesi mmoja, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, akaanza kumvua mama. Akaufikia ukanda. Akajaribu kuuvuta, haukuvutika, umezama kwenye nyama iliyovimba. Akanyoosha mkono bila kutazama, akapewa mkasi.

“Usikate!” nilipiga kelele. “Haukatwi! Haukatwi huo!”

“Nani kamleta mtoto humu?”

“Bibi kasema haukatwi! Nitafungua mimi! Mimi ndiye niliyeshika!”

Mkasi ukaingia chini ya kaniki, ukabana. Nilisikia ile sauti ndogo, na hata leo fundi cherehani akikata kitambaa karibu yangu natoka nje. Mtu akaninyanyua kwapani akaniweka barazani, mlango ukafungwa. Nilipiga mateke ule mlango mpaka nguvu zikaniishia. Nilijua kilichotokea. Ukanda umekatwa. Basi tena. Bibi hakuniambia basi tena ni nini, lakini sasa nilikuwa najua.

Baba Gulam akaondoka na lori kwenda korona kumwita baba. Mama Gulam akabaki, akakaa nami kwenye benchi, akajaribu kunilisha andazi, nikalikataa. Baadaye, jua limeinama, mlango ukafunguka, yule nesi mrefu akatoka. Mikononi alikuwa na kanga za mama. Zimekunjwa.

Sikulia. Nilishindwa hata kulia. Nikasimama, nikamwuliza, “Mama yangu amekufa?”

“Nani kasema?” nesi akashtuka. “Hajafa. Ni mgonjwa sana, lakini hajafa. Nguo za nyumbani haziruhusiwi wodini, ndiyo nawarudishia.” Akanitazama, uso wake ukalainika kidogo. “Wewe ndiye uliyekuwa ukipiga kelele?”

“Ukanda uko wapi?”

“Ule mchafu? Nimeutupa.”

Nikaanguka miguuni pake. Nilimshika viatu, jamani, nikamwomba kwa jina la Mungu na la mama yake. Mama Gulam naye akasema, “Mpe tu, dada, mtoto ana hofu.” Nesi akaenda, akarudi na ukanda ameushika kwa vidole viwili. “Haya shika, unyamaze. Kuna wagonjwa.”

Ulikuwa umekatwa, lakini mafundo yote matatu yalikuwapo. Nilifikiri haraka haraka kama mtoto anavyofikiri. Ukanda umekatwa, hilo limeharibika. Lakini mafundo hayajakatwa. Mafundo ndiyo mlango. Nikifungua mafundo, huenda mtoto akapata njia, na mama akaacha kutikisika, na yale maneno ya Bibi yasifike. Nikakaa sakafuni nikaanza. La kwanza lilifunguka kwa kucha. La pili lilinipa taabu, kucha moja ikang'oka ikatoa damu, lakini lilifunguka. La tatu, lile Bibi alilolikaza kwa nguvu zake zote, halikutingishika. Lilikuwa limekunywa mafuta na jasho la miezi yote ile, limekuwa gumu kama kokwa. Nilijaribu kwa meno, na meno yenyewe ya mbele sikuwa nayo! Nilitafuna kwa magego, ukanda ukateleza. Mama Gulam akanyoosha mkono anisaidie, nikamkwepa.

“Mkono mwingine haugusi,” nikamwambia, nikilia.

Ndivyo baba alivyonikuta. Alikuja mbio, na nguo za kazi, nyuzi za mkonge zimemganda kwenye ndevu. Hakunisalimia wala hakuniona. Daktari wa Kizungu alitoka, nesi akasimama katikati yao akimfasiria baba maneno. Nilisikia yote. Walisema mama amepata kifafa cha mimba. Walisema damu yake imepanda. Walisema dawa pekee ni mtoto atoke sasa, na hatoki mwenyewe, kwa hiyo watampasua tumbo wamtoe.

“Watapona?” baba akauliza.

Nesi akamwuliza daktari, daktari akasema kitu kirefu, nesi akakifupisha. “Anasema atafanya awezavyo. Hajui kama atawapata wote wawili. Hajui kama atampata hata mmoja.”

Baba akaitikia kwa kichwa. Wakaingia ndani. Baba alibaki amesimama akiutazama mlango, halafu akakaa sakafuni palepale, karibu yangu. Sikuwahi kumwona baba amekaa sakafuni hadharani. Mikono yake aliificha kwapani.

“Baba, unaogopa?”

“Naogopa, mwanangu,” akasema. “Naogopa sana.”

Mimi nilidhani watu wazima hawana kitu hicho. Nikamwonyesha ukanda. Nikamweleza kila kitu, mlango, mafundo, mkasi, na kwamba hatoki mwenyewe kwa sababu fundo moja limebaki, na meno sina. Nilingoja acheke. Hakucheka.

“Nipe,” akasema.

“Mkono mwingine haugusi, Baba. Aliyefunga au aliyeshika tu.”

Akafikiri. Namkumbuka akifikiri kweli kweli, paji limekunjamana. “Aliyefunga ni nani? Si mama yangu? Mkono huu umetoka tumboni mwake. Ni mkono wake.”

Niliona ni kweli, nikampa. Baba alikuwa mtu wa nyuzi, siku nzima vidole vyake vilicheza na nyuzi, na nilijua akishindwa yeye hakuna mwingine. Aliligeuzageuza fundo, akalibinyabinya, akalitemea mate, akalisugua kwenye saruji. Akaingiza kucha. Akaingiza kijiti cha mkonge alichokitoa nywelini. Halafu akaliweka mdomoni. Mwanamume mzima, aliyeshika ukuta kwa kicheko, sasa amekaa kwenye baraza ya hospitali ya serikali, watu wanapita, anatafuna kaniki yenye mafuta ya nyonyo na machozi yanamchuruzika kwenye ndevu. Mama Gulam alijifunika uso kwa mtandio wake akageukia upande wa pili.

Ndani kukasikika vyuma vikigongana kwenye beseni. Nikapiga yowe, “Baba, fanya haraka!” Baba akasimama. Akaenda mpaka mwisho wa baraza, akanipa mgongo. Nilimwona mabega yakifanya kazi, yakifanya kazi, kisha yakatulia. Akakaa hivyo kidogo. Akageuka, ngumi imefumbwa, akaja akachuchumaa mbele yangu.

“Tayari,” akasema. “Limefunguka.”

“Nione.”

“Halionyeshwi. Likishafunguliwa halitazamwi tena.”

“Bibi hakuniambia hivyo.”

“Bibi kaniambia mimi.”

Nikamwamini. Yaani ule uzito ulinitoka kifuani wote kwa mkupuo, nikalala mapajani mwake palepale, na harufu ya mkonge ikanifunika. Yeye hakulala wala hakujinyoosha. Kila nilipofumbua macho nilimwona ameukodolea mlango, ngumi ile bado imefumbwa, mishipa imemtoka mkononi. Nikajiuliza mbona anaogopa bado na fundo limekwisha kufunguka. Nikajijibu kwamba watu wazima wanachelewa kuelewa.

Sauti ya mtoto ilipotoka ilikuwa ndogo, kama ya paka aliyefungiwa nje. Nesi akachungulia. “Binti,” akasema. “Mdogo, lakini ana hasira. Mama bado amelala, mwombeni Mungu.” Tuliomba. Kulipopambazuka mama alifumbua macho akaniita jina langu, na mtoto tukamwita Salima kwa sababu alitoka salama.

Bibi alikuja baadaye, amepanda lori hilo hilo la Baba Gulam, goti limefungwa kitambaa. Kabla ya kumpokea mjukuu aliuliza ukanda. Nikamwambia mimi nilifungua mawili na baba akafungua la tatu kwa meno. Bibi akamgeukia mwanawe.

“Kwa meno?”

“Kwa meno, mama.”

“Na uko wapi?”

“Nimeutupa mtoni.”

Bibi alimtazama muda mrefu, na baba akatazama chini, naye alikuwa mtu asiyetazama chini mbele ya yeyote. “Haya,” Bibi akasema. “Leteni mtoto.” Baba hakuwahi tena kucheka mambo ya Bibi. Nami nilikua, nikaolewa, nikazaa hospitalini wanangu wote, na kwa miaka yote hiyo Salima akinikasirisha nilimwambia asinisumbue, yeye alifunguliwa mlango kwa meno ya baba, la sivyo angekuwa huko huko ndani mpaka leo. Watoto wake wanaijua hadithi hii, na wajukuu zake pia.

Basi, nimekaa vilevile kwenye kitanda cha mama, nikafungua kopo la baba. Kifuniko kilikataa kwa kutu, Salima akanisaidia kwa kisu. Ndani ulikuwamo ukanda wa kaniki, umekauka, umekuwa wa kijivu. Ncha zimekatwa sawasawa, kwa mkasi. Mahali pa fundo la kwanza palikuwa na mkunjo tu, na pa fundo la pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwapo. Nyuzi zake zimechanikachanika kwa kutafunwa, lakini fundo lenyewe lilikuwa zima, limekaza vilevile kama Bibi alivyolikaza.

Nililigeuza na kuligeuza. Niliipata picha ya baba mwisho wa baraza, mabega yametulia, amejua kwamba limemshinda, na mimi nyuma yake nangoja. Alikaa kwenye sakafu ile mpaka sauti ya mtoto ilipotoka akiwa amefumba ngumi juu ya fundo ambalo halijafunguka, akiogopa peke yake, ili mimi nilale. Na baadaye hakuthubutu kulitupa. Nililia, jamani, nililia kuliko nilivyolia siku ya kumzika mama.

Salima aliuchukua ukanda mikononi mwangu, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, bibi mzima mwenye mvi. “Dada,” akasema, “mbona hili bado limefungwa?” Akaanza kulibonyeza kwa kucha. “Tulifungue?”

“Liache,” nikamwambia. “Baba alisema limefunguka.”